Jiko la umeme haliruhusiwi nyumba hii

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Mimi ni fundi umeme wa mtaani hapa Mbagala, na riziki yangu kubwa inatoka nyumba za kupanga: vyumba sita au vinane, choo kimoja uani, mita moja ya LUKU, ile ya umeme wa kulipia kabla, ukutani. Kampeni ya nishati safi ya kupikia naisikia redioni kila kukicha na sina ugomvi nayo. Mkakati wa Taifa uliozinduliwa Mei 2024 unataka ifikapo 2034 asilimia 80 ya Watanzania wawe wanatumia nishati safi ya kupikia. Tatizo ni kwamba matangazo hayo yanamsemesha mtu mwenye mita. Mpangaji wa huku kwetu hana mita. Ana chumba, na ana mchango wa LUKU.

Kwa asiyeujua utaratibu, kila chumba kinatoa, tuseme, elfu kumi kwa mwezi. Mwenye friji anaongeza elfu tano, mwenye pasi anasemwa. LUKU ikiisha kabla ya tarehe zake kinaitwa kikao uani, na hapo utajua nani ana televisheni kubwa na nani analala na feni. (Ikiisha saa tano usiku, nyumba nzima inajifanya imelala.) Kwa hali hiyo, sharti la kwanza analopewa mpangaji, hata kabla hajaonyeshwa choo, ni kwamba jiko la umeme haliruhusiwi. Mwenye hela ya kujaza mtungi anapikia gesi. Mtungi ukiisha katikati ya mwezi, mkaa upo nje ya geti.

Hivi karibuni mama mmoja mwenye nyumba aliniita nikague kwa nini LUKU haifiki mwisho wa mwezi. Mtuhumiwa alishampata: dada wa chumba cha nyuma aliyejinunulia jiko la presha la umeme.

“Fundi, humu kuna mtu anapika maharage kwa umeme,” aliniambia hata sijatua begi. “Mwambie mwenyewe, wewe ni mtaalamu, labda atakusikia.”

Nikasema kabla ya kuambiana, tupime. Ninacho kimita kidogo cha kuchomeka kwenye soketi, kinaonyesha uniti zinazopita. Dada akatia maharage nusu kilo, hata hayakulowekwa, akaweka maji na chumvi, akafunga mfuniko. Jiko lenyewe ni la wati 1000. Mwanzoni kimita kilikimbia kweli, na mama mwenye nyumba akanitazama kwa jicho la “si nilikwambia?”. Presha ilipojaa jiko likajikata. Toka hapo likawa linawaka kidogo, linazima, linawaka kidogo, linazima, kushikilia joto tu. Maharage yalipoiva kimita kilisoma 0.4, yaani hata nusu uniti haikufika. Kwa bei ya uniti ya nyumba ile, shilingi 356, ni kama shilingi 142. Mkaa wa kuivisha maharage hayo hayo huupati kwa chini ya elfu moja, na hapo umebana sana.

Basi nikamwomba mama anionyeshe friza yake, ile anayouzia barafu na maji baridi. Nikabana noti ya elfu kwenye mlango, nikaivuta kwa vidole viwili, ikatoka bila kushikwa na chochote. Mpira umekufa. Baridi inavuja usiku na mchana, mashine haipumziki, na umeme wake unalipwa na vyumba vyote sita. Nilipomweleza, akasema, “Fundi, wewe umeshahongwa maharage.” Ujira wangu nikapewa nusu.

Sisemi wenye nyumba wanaogopa bila sababu. Woga wao waliupata kwenye majiko ya koili. Jiko la koili la wati 1500, ukiliacha linawaka saa mbili juu ya sufuria isiyofunikwa, ni uniti tatu, zaidi ya shilingi elfu moja kwa mboga moja. Aliyewahi kuishi na mpangaji wa namna hiyo hataki tena kusikia neno jiko. Lakini kuliweka jiko la presha kwenye fungu moja na koili ni uonevu. Na wale wanaotuhubiria tuchomoe chaja za simu na kuzima taa ya LED wangekuja kwanza kuangalia friza. Taa ya wati 9 ikiwaka usiku kucha inakula sehemu moja ya kumi ya uniti. Izimeni, sawa, ila siyo hiyo inayomaliza LUKU.

Kuna wenye nyumba wanaosema waya zitaungua. Hapo nakubali nusu. Nimefungua soketi nyingi zilizofungwa na vishoka, mafundi wasio na leseni, kwa waya mwembamba wa 1.5, waya wa taa, halafu juu yake ekstensheni ya bei poa imebeba friji, redio na pasi. Nyumba ya namna hiyo itaungua hata bila jiko. Lakini soketi ikiwa na waya wake wa 2.5, yenye ethi na breka inayokata, jiko la wati 1000 linavuta ampia nne na kidogo. Vyumba vyote sita vikipika kwa mpigo saa moja jioni ni kama ampia 26. Si mzigo wa kuogopesha kwa nyumba iliyofungwa na fundi.

Kinachonikera kuliko vyote, Mhariri, ni bei, na hili silioni likiandikwa. Kwenye bei za EWURA, mamlaka inayosimamia bei za umeme, mteja mdogo wa nyumbani yuko kundi la D1: shilingi 100 kwa uniti, mradi asivuke uniti 75 kwa mwezi. Akivuka, zile za juu ni 350. Mteja wa kawaida, T1, ni 292. Ongeza VAT asilimia 18, tozo ya REA (umeme vijijini) 3 na ya EWURA 1, mtu wa D1 analipa 122 na wa T1 analipa 356. Sasa chukua nyumba ya vyumba sita, kila familia inatumia uniti 25. Hakuna hata moja inayokaribia 75. Lakini mita ni moja, inasoma 150, na nyumba nzima iko T1. Bwana anayeishi peke yake kwenye nyumba yake, anayerudi kulala tu, ndiye mwenye umeme wa 122. Mama mwenye watoto watatu kwenye chumba kimoja ananunua wa 356. Kwa D1 maharage ya yule dada yangegharimu shilingi 49. (Humo humo kwenye LUKU inakatwa kodi ya jengo tangu 2021, na anayenunua LUKU ni mpangaji. Hilo tuliache, nitamaliza karatasi.)

Mkaa tunaopikia huku unaingia kwa Barabara ya Kilwa, mwingine umetoka Rufiji. Bwawa la Julius Nyerere nalo liko kwenye mto huo huo wa Rufiji, mitambo tisa, megawati 2,115. Umeme upo, tena mwingi. Umekwama ukutani kwa mwenye nyumba.

Mwenye nyumba anaweza kuanza na mita ndogo za ndani, sabmita, moja kwa kila chumba. Kila mtu analipa alichotumia, vikao vya uani vinakufa, na jiko la dada linakuwa shauri lake mwenyewe. Hizo hata mimi nafunga. Ila sabmita haibadilishi bei, kwa sababu nje bado kuna mita moja ya T1. Kwa hiyo naomba wanaopanga bei wahesabu familia zilizo nyuma ya mita, siyo mita. Mjumbe wa mtaa anajua kila chumba na nani analala humo. Mwenyekiti wa serikali ya mtaa agonge muhuri, nyumba ya familia sita ipewe ukomo wa uniti 75 mara sita. Vinginevyo kila chumba kifungiwe mita yake kwa gharama inayolipika. Mpangaji peke yake hafiki mbali na ombi la mita. Mwenye jengo ndiye wa kukubali, naye hana haraka, maana hela ya LUKU haitoki mfukoni mwake.

Fundi umeme,
Mbagala, Dar es Salaam