Barua ya wazi kwa wanafunzi mnaofanya kazi chuoni

Wanangu mnaopanga vitabu maktaba, mnaosafisha maabara, mnaosahihisha makaratasi ya wenzenu usiku, na nyie wa hosteli mnaoamshwa na kila aliyepoteza funguo, marahaba, najua mmeshaamkia.

Nina jambo moja leo. Andika saa zako mwenyewe, kila siku, kabla hujavua viatu. Umeingia saa ngapi, umetoka saa ngapi, nani kakutuma, na uandike kwenye daftari lako au simu yako, usitegemee fomu ya ofisi peke yake maana ile fomu inakaa kwa bosi na siku mkibishana yeye ndo ana karatasi wewe una kumbukumbu, na kumbukumbu haijawahi kumlipa mtu.

Mtaniambia mzee, sisi ni masaa machache tu, tena tunajifunza. Sawa mnajifunza, lakini simu si umepokea? Taka si umezoa? Angalieni Marekani walivyovutana. Bodi yao ya taifa ya mahusiano kazini mwaka 2000 ilisema wasaidizi wa kufundisha wa Chuo Kikuu cha New York ni wafanyakazi, 2004 kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Brown ikageuka ikasema hapana hao ni wanafunzi, 2016 kwenye kesi ya Chuo Kikuu cha Columbia ikageuka tena ikasema mtu anaweza kuwa vyote viwili na hata wa digrii ya kwanza wakaingia humo. Miaka 16 kazi ni ile ile, makaratasi yale yale, waliobadilika ni waliokaa mezani. Sasa wewe usingoje waelewane ndo uanze kuandika.

Ila kuna maneno yananikera kuliko yote, supavaiza anakwambia "wiki hii saa zimejaa, we fanya tu, tutaziandika wiki ijayo". Anasema kwa upole kabisa, na mara nyingi wala si mtu mbaya, bajeti imembana. Usikubali. Kwanza wiki ijayo ina kazi zake. Halafu kama uko nchi ya watu kwa viza ya masomo hapo umejitia kitanzi mwenyewe, Marekani mwenye viza ya F-1 haruhusiwi kuzidisha saa 20 kwa wiki za kazi ya chuoni wakati masomo yanaendelea, Uingereza nako wengi wa digrii ni 20 hizo hizo wakati wa muhula, na ikigundulika ulifanya 27 ikaandikwa 20 anayepandishwa ndege ni wewe, supavaiza anabaki ofisini anatafuta mwingine. Mjibu kwa meseji: "Samahani, saa zangu za wiki hii zimeisha, nitaendelea wiki ijayo." Basi. Meseji inabaki.

Mafunzo ya kuanza kazi uliyolazimishwa kuhudhuria, andika. Kufika mapema kufungua milango, andika. Meseji za saa tano usiku kuhusu ratiba ya kesho, hizo ndo watu wanazidharau, andika nazo. Kama sheria ya nchi yako inazihesabu au la utauliza baadaye.

Nyie wa hosteli kwenu pagumu zaidi, maana malipo mara nyingi ndo chumba chenyewe, ukigombana na kazi umegombana na kitanda. Tafuteni kwenye mkataba kipengele cha kuondoka: ukiachishwa katikati ya muhula unapewa siku ngapi kuhama? Kama hakuna namba hapo uliza kabla hujasaini, na jibu lije kwa maandishi. Na wa maabara, kama hujaonyeshwa pa kuoshea macho wala namna ya kumwaga kemikali, usiguse chupa. Akikuita mkaidi mkumbushe kuwa Shirika la Kazi Duniani lilishaweka usalama kazini kwenye haki za msingi tangu 2022, ambamo uhuru wa kujiunga na chama ulikuwemo tayari.

Sasa mtu mmoja na daftari lake ataonekana mkorofi, hasa kama bosi ndo huyo huyo mhadhiri atakayekuandikia barua ya kukupendekeza. Linatisha, sikatai. Ndo maana nasema mlinganishe, wa shifti moja mkikuta wote mnakatwa ile nusu saa ya kufunga jengo, nendeni watatu wanne pamoja, kwa heshima, na namba mkononi. Huko Marekani, wasaidizi wa kufundisha wa Chuo Kikuu cha Wisconsin-Madison walipata mkataba wao 1970 baada ya kugoma, na mwishoni mwa 2022 watu kama 48,000 wa Chuo Kikuu cha California waligoma karibu wiki sita. Mgomo mimi siwatumi jamani, hiyo ni dawa kali na sheria zake mzisome kwanza. Grinnell, chuo kidogo tu cha huko huko, walianza chama chao 2016 na wanafunzi wa ukumbi wa chakula peke yao.

Tatizo lenu kubwa nyie ni kwamba mnahitimu. Miaka mitatu minne mmeondoka na malalamiko yenu, anakuja mwingine anaanza upya na chuo kinalijua hilo vizuri. Kwa hiyo wewe unayemaliza muhula huu, kabla hujarudisha funguo kaa na anayeingia, mwachie nakala ya mkataba, mwambie nani anasaini saa bila maneno na nani wa kumfuatilia, na kama kuna chama mpeleke mwenyewe hadi mlangoni.