Barua ya wazi kwa mkurugenzi wa ukadiriaji wa nishati majumbani: chumba cha bwawa sio sebule

Mheshimiwa Mkurugenzi, salaam.

Mi kazi yangu ni kukadiria nyumba, naingia na tepu, napima kuta na madirisha, najaza kwenye programu, mwisho inatoka alama ya cheti kinachoonyesha nyumba inakula nishati kiasi gani. Nakuandikia hadharani kwa ajili ya kitu kimoja tu, chumba chenye bwawa la kuogelea ndani ya nyumba. Kila nikifika hapo nakwama. Programu inanipa njia mbili, niseme ni chumba cha kawaida kama sebule au niseme ni kama gereji isiyopashwa joto, na zote sio kweli, halafu mi ndo nasaini.

Sebule mtu anaweka nyuzi 21 basi. Bwawani maji yako kama nyuzi 28 na hewa inatakiwa iwe na joto kuzidi maji kwa nyuzi 1 au 2, usiku na mchana, maana hewa ikipoa maji yanapaa kuwa mvuke haraka zaidi. Na mkuu, kinachokula nishati pale kuliko vyote ni huo mvuke. Kila lita inayopaa inaondoka na joto la karibu uniti 0.68 (uniti kama za umeme, yaani kWh). Chukua bwawa la mita 8 kwa 4, maji nyuzi 28, hewa 30, unyevu asilimia 55, halina kava, kwa hesabu wanayotumia mafundi zinapaa kama lita 80 kwa siku, yaani uniti 50 na kitu za joto kila siku. Weka hewa nyuzi 21 kwenye hesabu hiyohiyo, unyevu uleule, mvuke unapanda kwa zaidi ya nusu. Programu yetu haina hata sehemu ya kuuandika.

Kinachoniuma zaidi ni mita za mraba. Alama inatokana na nishati kugawanywa kwa eneo la sakafu, sasa chumba cha bwawa kinaongeza eneo kubwa huku mvuke wake hauhesabiwi, kwa hiyo nyumba yenye bwawa inatoka na alama nzuri kuliko ileile isiyo na bwawa! Anayeinunua anaamini cheti, bili ndo inakuja kumshtua.

Naomba chumba hiki kiwe zoni yake peke yake, yaani kihesabiwe mbali na vyumba vingine, chenye joto lake na unyevu wake, ukuta unaokitenga na nyumba uhesabiwe kama ukuta wa kweli, na eneo lake litolewe kwenye eneo la sakafu linalogawanya nishati. Mashine ya kukausha hewa inayorudisha joto kwenye maji ipewe haki yake. Kava nalo lihesabiwe, ila la kuvuta kwa mkono lisipewe alama kamili, watu huwa wanaliacha wazi, nimeona mara nyingi mno.

Usiniambie nyumba hizi ni chache, tafadhali. Vipimo nilivyochukua ninavyo, nitavileta ofisini kwako siku yoyote utakayosema.

Wako, mkadiriaji wa nyumba