Kaka, kuhusu ile kura ya kuuza nyumba

Kaka, shikamoo.

Ujumbe wako wa sauti nimeusikiliza mara tatu. Kikao kimepiga kura 7 kwa 2 nyumba ya Baba iuzwe, nami nitume fungu langu la kumlipa mwanasheria, maana "wengi wape". Sawa. Hao wawili si ndio Shangazi na bintiye, wanaolala humo?

Usiseme nimekuwa Mzungu. Mwaka wa nane huu niko Uswisi, na mwezi uliopita nimekabidhiwa zamu nzima, watu 14, nawafokea kwa Kijerumani (mwambie Mama, afurahi). Jana nilikuwa na noti ya faranga 20 mkononi, naigeuzageuza. Jina la benki kuu limeandikwa kwa lugha nne. Mojawapo ni Kiromanshi, ambacho wenyewe hawafiki hata asilimia 1 ya watu. Ingekuwa wengi wape tu, si wangeandika Kijerumani tupu na kuokoa wino? Hata katiba haibadilishwi kwa wingi wa watu peke yake, mpaka kantoni nyingi, yaani majimbo yao, nazo zikubali. Novemba 2020 hoja moja ilipata asilimia 50.7 ya kura, ikaanguka kwa sababu kantoni nyingi ziliikataa.

Ila kikao chenu kimenikumbusha Appenzell Innerrhoden. Ni kantoni ndogo, raia wanakusanyika uwanjani na kupiga kura kwa kunyoosha mikono. Aprili 1990 wanaume wakanyoosha yao, wakawanyima wanawake kura katika mambo ya kantoni. Wengi walikuwa wengi kweli, hakukuwa na wizi. Novemba, Mahakama ya Shirikisho ikasema usawa umo ndani ya katiba ya nchi, kwa hiyo wanawake wapige kura, mikono ile ipende isipende. 1990, Kaka! Wewe ulishaanza shule.

Si kwamba huku ni peponi. Mwaka 2009 asilimia 57.5 ya wapiga kura walipiga marufuku minara mipya ya misikiti. Waislamu hawana kantoni ya kuwakingia kifua. Shangazi naye hana.

Pesa ya dawa za Mama nimetuma. Ya mwanasheria situmi. Mwambie Shangazi anipigie Jumapili, kwa simu yake, si yako.

Na ule mlango wa nyuma, bado unakwaruza sakafu? Msiurekebishe kabla sijaja.