Zanzibar iwe na watafiti wake wa sera za sayansi

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme juu ya pengo moja katika mipango yetu ya maendeleo hapa Zanzibar. Wanasayansi tunao. Tunaowakosa ni watu ambao kazi yao ya kila siku ni kuuliza: ujuzi huu tulionao, serikali iufanyie nini, kwa gharama gani, nani atafaidika na nani ataumia?

Mfano wangu ni mwani, kwa sababu ndio ninaouona. Ukulima wa mwani wa biashara ulianza Unguja mwaka 1989 kwa mbegu ya Ufilipino, ukavuka kuja Pemba, na leo sehemu kubwa ya mwani wa Zanzibar inatoka huku kwetu. Wakulima walio wengi ni wanawake. Nenda Kiuyu Mbuyuni wakati wa bamvua, maji yakishatoka, utawakuta wameinama wakifunga vipande vya mbegu kwenye kamba kwa taitai, yaani vikamba vyembamba, kimoja baada ya kimoja, vidole vimekakamaa kwa chumvi. Mwani wanaoulima zaidi ni wa aina ya spinosamu, wenye bei ndogo. Kotonii, wenye bei nzuri, umekuwa ukiwafia: matawi yanageuka meupe, yanalainika, yanakatika, kamba inabaki tupu.

Sababu si siri. Watafiti wa Taasisi ya Sayansi za Bahari ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, iliyopo Unguja tangu 1978, wameeleza kwa miaka mingi kuwa maji ya kina kifupi yamezidi joto, na mwani uliodhoofishwa na joto hushikwa na maradhi upesi. Njia mojawapo iliyojaribiwa ni kulima kwenye kina kirefu. Sayansi imefika hapo, na hapo ndipo maswali mengine yanapoanza. Kina kirefu kinataka chombo cha baharini na kinataka mtu anayejua kuogelea. Wengi wa mama zetu hawana cha kwanza wala cha pili. Je, serikali ikopeshe vyombo? Ivikopeshe kwa vikundi au kwa mtu mmoja mmoja? Nani awafundishe wanawake kuogelea kwa namna watakayoridhika nayo wao na waume zao? Faida ikionekana na wanaume wakaingia, mama watabaki na nini? Au fedha hiyo hiyo iende kwenye kukausha vizuri na kusaga mwani hapa hapa, ili hata spinosamu upate bei?

Mtaalamu wa mimea ya bahari hakusomea kujibu hayo, na tusimlaumu. Afisa wa wizara naye ana mafaili yamemjaa mezani. Mara nyingi anayejibu ni mshauri wa mradi kutoka nje, anakaa wiki chache, anaandika ripoti kwa Kiingereza na kuondoka. Vijana wameshatujia na tableti, wakauliza kamba ngapi, watoto wangapi, shilingi ngapi. Majibu hatujayaona kwa sheha, kiongozi wa serikali hapa mtaani. Sisemi wageni wasije. Maabara ya afya ya Wawi, Chake Chake, ilijengwa kwa ushirikiano na Waitaliano na imefanya kazi kubwa tangu mwaka 2000. Lakini nguo ya kuazima haisitiri maungo, na maswali ya kuazima ni hivyo hivyo.

Mwaka 2007 viongozi wa Umoja wa Afrika walihimizana Addis Ababa kila nchi itenge angalau asilimia 1 ya pato lake kwa utafiti. Nchi nyingi hazijafika huko. Hata hivyo, tuseme fedha hiyo imepatikana kesho asubuhi: nani kwetu atakayesema iende wapi kwanza, na kwa hoja gani?

Najua nitajibiwa kwamba skuli hazina madawati na hospitali hazina dawa. Ni kweli. Lakini Unguja ilikaa gizani takriban mwezi mzima mwaka 2008, na kama miezi mitatu tangu Disemba 2009, kwa sababu umeme wake ulitegemea waya mmoja wa baharini uliolazwa mwaka 1980. Hoteli, pampu za maji, mafundi wa kuchomelea, kila mtu alilipia. Mtambo utachakaa lini, akiba iwe kiasi gani, njia ya pili iwe ipi: hayo ni maswali ya sera ya teknolojia, na mshahara wa watu sita au saba wa kuyafuatilia mwaka hadi mwaka ni mdogo mbele ya hasara ile.

Kwa hiyo naomba Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar (SUZA) na Tume ya Mipango wakae pamoja waanzishe kitengo kidogo cha kudumu, chenye mchumi, mhandisi, mtu wa bahari na mtu wa jamii, kinacholipwa kwa bajeti yetu wenyewe ili mradi ukiisha wasitawanyike. Kiwe na mtu Pemba, si Unguja tu. Na kila ripoti iwe na muhtasari wa Kiswahili unaobandikwa ofisini kwa sheha wa pale walipohojiwa watu.

Wawakilishi wetu waanze na swali moja katika kikao kijacho cha bajeti: kotonii ukiwa haustahimili tena maji ya kina kifupi, nani amepewa kazi ya kutafiti mkulima wa mwani afanye nini, na atatoa jibu lini?

Msomaji wenu,
Micheweni, Pemba