Mwanangu, bibi hakwenda safari

Muheza, Jumapili jioni

Mwanangu mpenzi,

Assalam aleikum. Sisi huku hatujambo, wadogo zako wazima, baba yako anakusalimu. Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara ya pili niliisomea kwenye kitanda cha bibi yako.

Umenieleza kwamba kwenye insha ya Kiingereza uliandika "My grandmother went away last year", mwalimu akapiga mstari mwekundu na kuuliza pembeni, "Where to?" Alipoisoma mbele ya darasa, wenzako wakacheka. Ukasema hutaandika tena habari za bibi. Mama, hapo ndipo niliposhika kalamu.

Uliandika Kiingereza huku moyo wako ukisema Kiswahili. Sisi tukifiwa, maneno yetu karibu yote ni ya kuondoka: ametutoka, ametangulia mbele ya haki, ameaga dunia. Hata "fariki", ambalo tunaliona ndilo neno lenyewe la kifo, asili yake ni Kiarabu, na huko linahusu kutengana. Asubuhi ile mjomba alipobisha mlango alisema "Mama katutoka" basi, na hakuna aliyemuuliza katoka kwenda wapi. Nawe ulikuwepo. Ulilibeba neno kama ulivyolisikia ukalipeleka kwenye Kiingereza.

Sasa kwa Waingereza "go away" ni la watu walio hai. Jirani akifunga nyumba akaenda likizo wiki mbili, "they have gone away". Kichwa kilichokuwa kikiuma kikiacha, "the headache went away". Hapo sisi tunasema kimepoa. Na ukimtazama mtu usoni ukamwambia "Go away!" umemfukuza, kwa hiyo usimwambie hivyo mtu mzima hata kwa sauti ya upole. Aliyefariki wanamsemea "passed away". Neno la kwanza tu ndilo limebadilika, na anayesikia anajua kuna msiba.

Mimi hilo nililijua kwa uchungu. Kabla hujazaliwa nilikuwa nasafisha vyumba kwenye hoteli moja ya Nungwi. Alikuwepo mgeni, mama wa makamo kutoka Uingereza. Kila asubuhi nilimkuta barazani na kikombe chake cha chai, kiti cha pili kikiwa kitupu. Siku moja akaniambia, "My husband passed away in March." Pass nilikuwa nalijua, ni kupita, ni kufaulu mtihani. Away nalo nilijua ni mbali. Nikaelewa mumewe amepita kwenda mbali, labda kikazi. Nikatabasamu nikamjibu, "Next time you come together." Akaweka kikombe chini. Alikaa kimya, kisha akanishika mkono akaniambia kwa neno jepesi ambalo hata mimi ningelielewa, "He died." Nililia pale pale. Lile tabasamu langu ndilo lililoniliza, na mpaka leo nikilikumbuka nasikia vibaya.

Siku ya kuondoka aliniachia kamusi yake, ile nene yenye jalada la buluu iliyokuwa ikikaa juu ya kabati. Chini ya kila neno inaeleza lilikotoka. Katika Kiingereza cha kale, kile kilichosemwa kabla Wanormani hawajaivamia Uingereza mwaka 1066, "away" lilikuwa maneno mawili: "on weg". "Weg" ndiyo "way" ya leo, njia. Aliyekwenda "away", basi, ni mtu aliyekwisha kushika njia.

Geukia Kiswahili chetu. Tunasema amekwenda zake, nakwenda zangu, nendeni zenu. Zake nini? Njia zake. Neno lenyewe limedondoka, kimebaki kimiliki peke yake, na kila mtu anaelewa. Wao wameificha njia ndani ya "away", sisi tumeificha ndani ya "zake". Na yote mawili yanageuka ukali ukiyatoa kwa amri: "Go away!" na "Nenda zako!" Nilipoligundua hilo nilimfuata bibi yako jikoni nikamsomea. Kiingereza hakukisoma, lakini aliacha kukuna nazi, akanisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Kumbe nao wana zao."

Kabla sijasahau, jihadhari na "go off". "The lights went off", umeme umekatika. Lakini "the alarm went off" haina maana kwamba imezimika, imelia! Na "the milk went off", maziwa yameharibika. Haya huwezi kuyakisia. Ukikutana nalo andika sentensi yake nzima, usiandike neno peke yake. Kwetu mambo haya yanakaa mkiani mwa kitenzi, ondoa, ondoka, ondolea. Wao wanayaweka kwenye kijineno kinachosimama pembeni. Umesoma kwa Kiswahili tangu darasa la kwanza hadi la saba, na kidato cha kwanza hisabati na jiografia zote zimegeuka Kiingereza kwa siku moja. Anayekucheka naye ametoka huko huko.

Insha hiyo irudie. Andika "passed away", kisha endelea pale ulipokatishwa, pale alipokuwa akikusuka barazani huku ukimhesabia machungwa ya kupeleka sokoni. Sehemu hiyo ndiyo nzuri, na darasa halijaisikia.

Kamusi nitampa kondakta wa basi la Jumatano. Nimeifunga kwa khanga ya bibi, ile aliyokuwa akijitanda akienda shughulini. Khanga usimpe mtu. Hitima yake tutaisoma ukija likizo ya Juni, na daftari la insha uje nalo.

Mama yako