Risala ya Kamati ya Maji ya Shule kwa Mgeni Rasmi, Mahafali ya Darasa la Saba

Mheshimiwa Mgeni Rasmi,
Mheshimiwa Diwani wa Kata,
Mwenyekiti wa Kijiji,
Mwalimu Mkuu na walimu wote,
Viongozi wa dini, wazazi, walezi, wahitimu wetu wapendwa,
Mabibi na mabwana,

Kwa heshima na taadhima tunamshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutufikisha siku hii, na tunakushukuru wewe, Mheshimiwa, kwa kuacha shughuli nyingi za kujenga taifa ukaja kukaa nasi chini ya turubai hili. Tumedokezwa na walio katika msafara wako kwamba risala isizidi dakika kumi. Tumejipanga. Historia tutaipita mbio.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, shule yetu iko kwenye miteremko ya Mlima Meru, na maji yake yanatoka kwenye kisima kimoja. Kamati iliundwa baada ya wazazi wa darasa la awali kuuliza kwa nini watoto wanaopiga mswaki kila siku wanaota meno yenye madoa ya kahawia. Maji yakapelekwa maabara, majibu yakarudi: floraidi, madini yaliyoyeyuka majini ambayo yakizidi hutia meno madoa, miligramu 9 kwa lita. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi 1.5. Taifa letu liliwahi kuvumilia miligramu 8 tangu 1974, likashuka hadi 4, na sasa nalo liko kwenye 1.5. Tangu siku hiyo kamati imekuwa na wenyeviti watatu na jalada moja. Hiyo ndiyo historia.

Mafanikio ni makubwa na ya kujivunia. Tumefanya mapinduzi jikoni: magadi hayaingii tena kwenye makande wala maharage ya shule, kwa kuwa magadi ya kuchota ardhini huku kwetu hubeba floraidi nyingi kuliko maji yenyewe. Maharage sasa yanalowekwa usiku kucha, na mpishi amekubali, ingawa si siku ya kwanza. Tumefungua kiwanda cha mkaa wa mifupa wa kuchujia floraidi, yaani tanuri moja la matofali ya kuchoma lenye mlango wa bati la pipa. Tumeanzisha pia idara ya utafiti yenye mwalimu wa sayansi, wanafunzi sita na daftari kubwa.

Mheshimiwa, floraidi ya huku haikumwagwa na kiwanda. Imo kwenye miamba ya volkano. Maji yanapopita humo hujaa sodiamu na baikaboneti huku kalisiamu ikiwa kidogo, na kalisiamu ndiyo ambayo ingeikamata floraidi na kuituamisha. Utafiti uliochapishwa 1984 ulipima mito ya ukanda huu ukakuta miligramu 12 hadi 76 kwa lita, na madimbwi na maziwa ya magadi yakafika 690. Kwa hiyo tunapoambiwa "chemsheni", tunashukuru kwa ushauri, ila kuchemsha kunapunguza maji na kuiacha floraidi palepale, ikiwa nzito zaidi. Vidonge vya klorini vinaua vijidudu. Floraidi si kijidudu.

Madhara hayaishii kwenye tabasamu, japo mpiga picha wa leo ataona mwenyewe ni wahitimu wangapi wanaofunika mdomo kwa kiganja akisema "chekeni". Jino huharibika likiwa bado ndani ya ufizi, hasa kabla mtoto hajafika miaka minane, na madoa yakishaingia hakuna dawa ya meno inayoyatoa. Kwa wanaokunywa maji makali zaidi miaka mingi, mifupa hukakamaa na miguu hupinda. Agosti 2024 Programu ya Taifa ya Sumu ya Marekani ilitoa tathmini yake baada ya kupitia tafiti za nchi mbalimbali, ikasema kwa uhakika wa wastani kwamba floraidi inayozidi miligramu 1.5 kwa lita inahusishwa na alama za chini za akili kwa watoto. Hatusemi kisima chetu ndicho kinachoamua matokeo ya mitihani. Tunasema kisima chetu kina mara sita ya kiwango hicho.

Tulichokifanya hakikubuniwa na sisi. Kituo cha utafiti cha Ngurdoto, hapahapa Arumeru, kimefanya kazi ya mkaa wa mifupa kwa miaka mingi, na Nakuru nchini Kenya wameufikisha kwenye majumba na shule. Mfupa umejengwa kwa kalisiamu na fosfeti. Ukichomwa bila hewa nyingi, mafuta na gundi huondoka na kuacha vitundu vingi, na floraidi inayopita huingia mahali pa haidroksaidi ndani ya madini hayo ikakaa. Ndiyo tabia ileile inayoifanya ipende meno ya watoto. Mkaa wetu ni mfupa unaotangulia kunywa kwa niaba ya mifupa yao.

Mifupa ni ya ng'ombe wa machinjioni tu, na wazazi Waislamu walikuja kukagua gunia kwa gunia, jambo tulilolipenda. Inakaushwa juani, inapangwa kwenye tanuri, joto linapandishwa hadi nyuzi 400 au 500 kwa saa kadhaa huku mlango umezibwa kwa udongo, kisha hakuna kufungua hadi kesho yake. Mwenye haraka akifungua kungali moto, hewa inaingia, mifupa inaungua hadi kuwa myeupe, vitundu vinafumba, na kazi imeharibika. Ukiupunguza moto, mifupa inabaki ya kahawia na maji yanatoka ya njano yenye harufu ya nywele zilizoungua. Yote mawili tumeyapitia. Mzuri ni mweusi unaoelekea kijivu, unaovunjika kwa mlio mkavu. Unasagwa, unachekechwa kubaki vipande vya milimita 0.5 hadi 3, na unaoshwa hadi maji yatoke meupe. Vumbi likibaki linaziba tangi, na mapande makubwa yanapitisha maji bila kuyagusa.

Tangi la kuchujia lina kokoto chini na kilo 400 za mkaa juu yake. Maji hayaruhusiwi kutoka zaidi ya lita 3 kwa dakika, na mkaa lazima ubaki umezama muda wote, la sivyo maji yanajitengenezea njia za mkato. Kwa mwendo huo lita 1,000 za siku zinahitaji karibu saa sita, kwa hiyo yanachujwa usiku na kutunzwa kwenye tangi la pili. Wakati wa mapumziko watoto wanafungua bomba la tangi hilo na hawagusi kichujio.

Sasa, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tunaomba utusikilize hapa kuliko kwingine kote.

Mkaa unashiba. Kwa matumizi ya kawaida gramu moja hushika takribani miligramu 2 za floraidi. Kila lita yetu inaacha humo karibu miligramu 8. Kilo 400 zinatosha lita 100,000, nazo kwa wanafunzi 480 pamoja na jiko ni siku 100 za masomo. Hiyo ni hesabu ya ubaoni. Mkaa uliochomwa vibaya unashiba siku ya 60, uliochomwa vizuri unaweza kufika siku ya 130, na floraidi haina rangi, haina harufu, haina ladha. Siku mkaa unaposhiba, maji yanaendelea kutoka meupe vilevile, mtoto anakunywa vilevile, na bango letu la "Maji Salama" linaendelea kuning'inia pale mlangoni.

Kwa sasa tunapeleka chupa mjini. Majibu yanachukua wiki mbili, na katika wiki mbili hizo watoto hunywa hadi lita 10,000. Tukiogopa tukabadilisha mapema, tunatupa mkaa ambao bado una nguvu, na kilo 400 za mkaa zinatokana na karibu tani nzima ya mifupa mibichi. Tukikawia, tunawanywesha tulichowaahidi kuwakinga nacho. Kwa hiyo hitaji letu ni moja: kipimo cha floraidi hapahapa shuleni.

Hitaji hili si geni kwenye jukwaa hili. Mgeni rasmi wa mwaka juzi, ambaye tunamheshimu sana, alisimama mahali uliposimikwa mkungu huu wa ndizi akasema, "Hilo niachieni mimi." Tulimwachia. Mgeni rasmi wa mwaka jana alituletea tangi la lita 5,000 lenye jina lake kwa herufi kubwa za bluu. Tangi ni zuri na halivuji. Tuliahidiwa pia gata za kulijaza kwa mvua, na hizo bado zipo njiani. Zingefika zingesaidia: lita moja ya kisima ikichanganywa na tano za mvua inashuka hadi 1.5. Ila tangi likijaa lote ni maji ya siku tano, na kati ya Juni na Oktoba mbingu hazina mchango. Kwa hiyo, Mheshimiwa, tunaomba jibu la leo lisiwe tangi la pili.

Aidha tulipokea kwa shukrani kalamu ya kupima maji. Wanafunzi walipima nayo kwa bidii, namba ikatoka ileile kabla na baada ya kuchuja, wazazi wakasema mkaa ni utapeli. Kalamu ile hupima jumla ya chumvi zote. Haiijui floraidi kwa jina, na mkaa haupunguzi jumla, unabadilishana tu chembe kwa chembe. Tumeitunza kabatini.

Kuna pia vipimo vya kubadilika rangi. Ni rahisi kununua, lakini vinasoma hadi miligramu 2 tu, kwa hiyo maji ya kisima lazima yazimuliwe mara tano na kosa nalo linakua mara tano. Dawa yake inaisha kila kipimo, na baadhi ina asidi kali na arseniki, vitu ambavyo hatutaki karibu na darasa la tatu.

Tunachoomba ni mita ya milivolti yenye elektrodi ya floraidi, ile yenye kristali ya lanthanamu floraidi kwenye ncha. Tunasisitiza, ije na vyote vyake: maji sanifu, yaani yenye floraidi ya kiwango kinachojulikana, ya kutengenezea miligramu 1 na 10, kikorogeo cha sumaku, pipeti ya mililita 10, vikombe vya plastiki, na lita mbili za kimiminika kiitwacho TISAB. Mita bila TISAB ni jembe bila mpini. Maji yetu ni ya magadi, na kwenye magadi ile kristali huchanganya haidroksaidi na floraidi, ikasoma uongo. TISAB huishusha pH, yaani kipimo cha asidi na magadi, hadi kati ya 5 na 5.5 na kuifungua floraidi iliyong'ang'aniwa na aluminiamu au chuma. Kipimo chenyewe ni mililita 10 za maji, 10 za TISAB, korogwa, subiri dakika tatu, soma. Kutoka sanifu ya 1 kwenda ya 10 mita inapaswa kuhama karibu milivolti 59 kwenye joto la nyuzi 25. Ikihama chini ya 54, elektrodi ni chafu au sanifu zimeharibika, na siku hiyo hakuna namba itakayoandikwa daftarini.

Kila kikao kinatumia mililita 50 za TISAB, yaani lita moja kwa vikao 20. Tutapima mara moja kwa wiki, na kuanzia siku ya 50 kila baada ya siku mbili. Watafunzwa watu wawili, mwalimu mmoja na mzazi mmoja, maana walimu huhamishwa na vifaa havihamishwi nao, hubaki kwenye sanduku bila mtu anayekumbuka kuviwasha. Mita hiyohiyo itapima chemchemi za vitongoji jirani, kwa kuwa kwenye mlima huu chemchemi mbili zilizopakana zinaweza kutofautiana sana, na kuchimba kisima kingine kabla ya kupima ni kubahatisha kwa fedha za umma.

Profoma za wauzaji wawili zimeambatanishwa kwenye nakala yako, ukurasa wa mwisho, pamoja na namba ya akaunti ya shule. Kama itakupendeza, tungeomba leo utamke tarehe, hata ikiwa ya mbali, nasi tutaiandika ubaoni pale kwenye kichujio. Zile gata, kama kuna mtu katika msafara wako anayejua zilipokwama, tutashukuru akituelekeza, tutazifuata wenyewe.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, kwenye meza yako kuna chupa mbili za maji. Yenye kizibo cheupe imetoka kwenye kichujio asubuhi ya leo. Mkaa uko siku ya 87, na majibu ya maabara tunayategemea wiki ijayo. Yenye kizibo cha bluu ni ya dukani.

Tunaomba kuwasilisha.

Ni sisi,
Kamati ya Maji ya Shule