Malalamiko kuhusu programu inayojifunga inapofunguliwa kutoka kwenye arifa

Ofisi ya Chama cha Msingi cha Ushirika,
Newala, Mtwara.
Novemba 2025

Meneja wa Huduma kwa Wateja,
Dar es Salaam.

Ndugu Meneja,

YAH: PROGRAMU YENU YA MIZANI NA STAKABADHI KUJIFUNGA GHAFLA

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni karani wa kumbukumbu katika chama chetu, na ninaandika kwa mara ya tatu kuhusu tatizo ambalo ofisi yenu imelijibu mara mbili kwa maelezo yasiyolihusu.

Tatizo lenyewe ni hili. Programu yenu ikiwa imefungwa, nami nikabofya arifa yake iliyobaki kwenye orodha ya arifa za Windows, dirisha jeupe huonekana kwa muda usiozidi sekunde moja, kisha hutoweka bila kuacha neno lolote. Nikiifungua programu hiyohiyo kwa aikoni iliyo kwenye skrini, inafunguka vizuri. Aidha, nikibofya arifa wakati programu tayari iko wazi, ujumbe unafunguka kama inavyotakiwa. Kompyuta yetu ina kumbukumbu ya GB 4 tu, hivyo wakati wa kuandaa majedwali ya malipo hunilazimu kuifunga programu yenu, na hapo ndipo arifa huwa mtego.

Wiki iliyopita ghala kuu lilitutumia ujumbe kwamba uzito wa shehena yetu moja ya korosho haukulingana na hati tuliyopeleka, na kwamba tusahihishe kabla ya orodha ya mnada kufungwa jioni ile. Arifa ilisema tu kwamba kuna ujumbe mpya. Niliibofya, programu ikajifunga, na arifa nayo ikaondoka kwenye orodha kana kwamba imekwisha kusomwa. Nilipoifungua tena kwa aikoni, ilinipeleka kwenye ukurasa wa mizani, ambako hapakuwa na alama yoyote ya kuonyesha kwamba kuna ujumbe unaosubiri, huku nje wakulima wakiwa wamepanga magunia yao wakingoja kupimiwa. Ujumbe ule niliuona kesho yake asubuhi. Shehena ya wakulima 63 haikuingia kwenye mnada wa wiki hiyo.

Mkoani kwetu mfumo wa stakabadhi ghalani, ambao mkulima hukabidhi mazao ghalani kwa hati na kulipwa yakishauzwa mnadani, ulianza kwa korosho msimu wa 2007/2008, na mkulima wa huku anajua kwamba hati ikikwama, fedha nayo imekwama. Mzee mmoja alikuja ofisini siku tatu mfululizo akiniuliza, "Mwanangu, korosho zangu zimelala wapi?" Alikuwa na deni la viuatilifu na karo ya mjukuu, nami sikuwa na jibu la kumpa isipokuwa kwamba kompyuta ilikataa.

Jibu lenu la kwanza lilikuwa kwamba mtandao wa vijijini ni dhaifu. Nilizima mtandao kabisa na kufungua programu kwa aikoni, ikafunguka. Nikatumia mtandao wa simu wenye kasi nzuri na kubofya arifa, ikajifunga. Jibu la pili lilikuwa niondoe programu na kuisakinisha upya. Nilifanya hivyo mara mbili, kisha nikaisakinisha kwenye kompyuta ya jirani yetu mwenye duka la vifaa vya ofisi, inayotumia Windows 11. Hali ilikuwa ileile. Sikuona njia nyingine ila kutafuta chanzo mwenyewe, kwa msaada wa mpwa wangu anayesomea kompyuta chuoni.

Tulifungua Event Viewer, sehemu ambayo Windows huandika makosa ya programu. Kila nilipobofya arifa, palikuwa na maandishi mawili: moja la .NET Runtime, yaani mfumo unaoiendesha programu yenu, lenye namba 1026, na jingine la kujifunga kwa programu lenye namba 1000. La kwanza lilitaja kosa la FileNotFoundException, yaani faili halikupatikana, na kueleza kwamba programu ililitafuta faili lake la mipangilio ndani ya C:\Windows\System32, folda ya Windows yenyewe. Faili hilo halijawahi kuwa huko. Limo ndani ya folda ya programu yenu. Aikoni ya kwenye skrini imeandikiwa kwamba programu ianzie kazi kwenye folda hiyo, ndiyo maana kwa njia hiyo faili linapatikana. Arifa haipiti kwenye aikoni hiyo: ni Windows yenyewe inayoiamsha programu, na programu inajikuta imeanzia System32. Kwa kuwa mmelitaja faili hilo kwa jina lake tu, bila njia kamili, programu inalitafuta pale ilipoamkia, inalikosa, na inakufa.

Ili nisiwasingizie, tulifanya jaribio moja zaidi bila kugusa arifa. Tulifungua Command Prompt, dirisha la kuiandikia kompyuta amri, tukaingia kwenye System32, kisha tukaiita programu kwa njia yake kamili. Ikajifunga vilevile. Tukahamia kwenye folda ya programu na kuiita tena, ikafunguka. Jaribio hili halichukui dakika tano, na naamini mtaalamu wenu yeyote angeweza kulifanya tangu barua yangu ya kwanza ilipowafikia. Hilo ndilo linaloniuma zaidi kuliko kosa lenyewe, kwa sababu mlikuwa tayari kuulaumu mtandao wetu kabla ya kuitazama kazi yenu.

Naomba toleo litakalorekebishwa liitafute mipangilio kulingana na mahali programu ilipo, kwa mfano kupitia AppContext.BaseDirectory, inayoionyesha programu folda yake yenyewe, wala si kulingana na folda ambayo imeamshwa humo. Naomba pia faili likikosekana kwa sababu yoyote, programu itoe maelezo yanayosomeka badala ya kutoweka kimya, na ujumbe wa ghala ambao haujafunguliwa uonekane kwenye ukurasa wa kwanza hata kama arifa yake imeondoka. Ombi hili la mwisho nalitilia mkazo, kwani lingetosha kutuokoa siku ile.

Minada ya msimu huu bado inaendelea. Naomba marekebisho hayo yatufikie ndani ya siku saba, na kwa sasa muwaandikie wateja wenu wote kwamba wafungue programu kwanza kwa aikoni kabla ya kubofya arifa yoyote. Sidhani kama ni chama chetu peke yake kinachokumbwa na jambo hili; huenda wengine wanaendelea kuamini kwamba ni mtandao.

Nimeambatanisha nakala ya maandishi ya Event Viewer pamoja na video fupi ya jaribio la Command Prompt.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Karani wa Kumbukumbu
Nakala: Mwenyekiti wa Bodi ya Chama